Wasafiri Wawili wa Baiskeli

Kila siku mnaona baiskeli njiani. Mmoja anakwenda sokoni na mzigo wa ndizi, mwingine anampeleka mgonjwa dispensari. Wengi kwetu huiita kinga. Lakini ni nani kati yenu aliyefikiri kuizunguka dunia kwa kinga?

Katika mwaka 1890 vijana wawili wa Marekani, Thomas Allen na William Sachtleben, walimaliza masomo yao katika mji wa St. Louis. Wakapanda meli mpaka Uingereza, wakapata baiskeli huko, wakaanza safari. Walivuka Ulaya, Uturuki, Uajemi na jangwa la Gobi, wakafika Peking, mji mkuu wa China, mwezi wa Novemba 1892. Mwaka 1893 walikuwa kwao tena. Kwa jumla walikwenda zaidi ya kilometa 24,000 kwa baiskeli. Fanyeni hesabu: kutoka Bukavu mpaka Goma kwa barabara ni karibu kilometa 200. Ni kama kufanya njia hiyo mara 120!

Wakati ule baiskeli yenye magurudumu mawili sawa na mnyororo ilikuwa kitu kipya. Watu wa Ulaya na Marekani waliipenda upesi, wakataka mpira mwingi kwa magurudumu yake. Mpira huo watu wa Kongo walilazimishwa kuutafuta msituni katika miaka ya mfalme Léopold wa Pili, na wengi waliteswa na kufa kwa sababu yake. Ni vema kulijua jambo hilo tunapoitazama baiskeli.

Vijana wale hawakuwa na hema wala wapagazi. Walilala katika nyumba za wenyeji na nyumba za wageni, wakajifunza lugha njiani. Katika Uturuki watu walikimbia kuwatazama, na wengine waliita baiskeli zao magari ya shetani.

Siku ya safari kama hiyo huanza kabla ya jua. Hewa ni baridi, na mara nyingi upepo bado umelala; ndiyo saa ya kumaliza kilometa nyingi. Kwanza hutazama mnyororo, breki na magurudumu. Halafu hula, hata kama hawana njaa. Anayengoja njaa ndipo ale amechelewa: miguu hulegea ghafula, macho huona giza. Maji vilevile hunywewa kidogo kidogo, kabla kiu haijakaza.

Jua likipanda, upepo huamka. Hapo ndipo mtu huona faida ya kuwa na mwenzake. Mnajua jinsi ilivyo kwenda shule asubuhi kwa njia nyembamba yenye majani marefu. Anayetangulia ndiye anayelowa umande. Wanaomfuata hufika karibu wakavu. Upepo na baiskeli ni vivyo hivyo. Hewa haionekani, lakini ni kitu. Anayekwenda mbio huipasua kwa kifua chake, na kadiri anavyoongeza mwendo ndivyo inavyomzuia zaidi. Katika barabara ya tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zake huishia katika kusukuma hewa tu. Lakini yule aliye nyuma, gurudumu lake likiwa karibu sana na gurudumu la mwenzake, hupita katika hewa iliyokwisha kupasuliwa. Aweza kuokoa robo ya nguvu zake, pengine hata theluthi. Akiisha kupumzika hivyo, hupita mbele, na yule wa kwanza humfuata.

Kuna hatari yake. Aliye nyuma haoni mashimo wala mawe. Anaona mgongo wa mwenzake tu. Kwa hiyo wa mbele hupaza sauti au huonyesha kwa mkono. Akinyamaza mbele ya shimo, wote wawili wako chini. Mlimani msaada huo haupo, kwa sababu mwendo ni wa polepole na kila mmoja hujivuta mwenyewe. Huko ndiko ugomvi huanza: mwenye nguvu anataka kwenda, mchovu anataka kukaa. Wawili huenda kwa mwendo wa yule aliyechoka. Jambo hilo ni gumu kuliko mlima wenyewe.

Katika Gobi, Allen na Sachtleben walikuta mchanga, changarawe na upepo mkali. Njia ya misafara huko ilitoka kisima hadi kisima, na kati yake hakuna kitu. Huko mtu mmoja akishikwa na homa, au mnyororo ukikatika, ni nani atakayekwenda kutafuta maji?

Jioni ilikuwa na kazi yake. Katika miji ya China watu waliwazunguka wakitaka kuona baiskeli zikienda, hata wakubwa wa serikali waliwaomba wapande mbele yao. Katika nchi ile chakula kilinunuliwa kwa vipande vya fedha vilivyopimwa kwa mizani, au kwa sarafu zenye tundu zilizotungwa kwenye kamba kama shanga, mzigo mzito sana. Msafiri mmoja angefanyaje? Akinunua chakula, ni nani anayelinda baiskeli? Wawili waliweza kugawana kazi.

Mwaka 1892 Mmarekani mwingine, Frank Lenz wa Pittsburgh, alianza kuizunguka dunia kwa baiskeli, naye alikuwa peke yake. Alikuwa hodari sana. Alivuka Marekani, Japani, China, India na Uajemi. Mwezi wa Mei 1894 aliingia Uturuki, upande wa Erzurum, na barua zake zikakoma. Jamaa zake walingoja mwezi baada ya mwezi.

Mwaka 1895 gazeti lililokuwa likichapa habari zake lilimtuma mtu kwenda kumtafuta. Mtu huyo alikuwa Sachtleben, kwa kuwa aliijua njia ile. Alifika Erzurum, akauliza huku na huku, akasadiki kwamba Lenz aliuawa njiani. Lakini mwili wake haukupatikana, wala hakukuwa na mwenzake wa kueleza siku yake ya mwisho ilikuwaje.