Dola ya Fedha Haisuguliwi

Neno "dola" lina maana mbili. Dola ya serikali tuliipata kwa Waarabu. Dola ya pesa asili yake ni thaler, sarafu ya fedha iliyoanza kufuliwa Joachimsthal, Bohemia, katika karne ya 16. Wazee wetu wa pwani waliijua thaler pia: ile ya Maria Theresa yenye mwaka 1780 ndiyo waliyoiita reale.

Leo lakini nawaletea ndugu yake wa Marekani, dola ya Morgan. Mchoraji wake alikuwa George T. Morgan. Ilipigwa chapa tangu 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Uzito wake ni gramu 26.73, na sehemu 9 kati ya 10 ni fedha tupu. Zilikuwa tele jamani, mpaka sheria ya Pittman ya mwaka 1918 ilipofanya zaidi ya milioni 270 ziyeyushwe, na hakuna aliyeandika zilikuwa za miaka gani!

Wakusanyaji huzipa gredi, 1 hadi 70. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijawahi kutumika sokoni. Sasa sikiza. Sarafu inapogandamizwa na mashine, fedha husukumwa pembeni ikaacha vijistari vidogo mno. Hivyo ndivyo hurudisha mwanga, na ukiizungusha sarafu utaona mng'ao ukizunguka kama spoki za baiskeli. Ule weusi wa uzee ni ngozi nyembamba tu ya fedha iliyoungana na salfa. Ukiusugua unakwangua na vijistari, na mng'ao wa asili haurudi ng'o. Bingwa akitia lenzi ataona mikwaruzo, bei iporomoke. Si vyote ving'aavyo vina thamani!

Kwetu ipo moja, nyeusi tititi, aliyoiacha marehemu mjomba wangu baharia. Mama alikuwa ameshaandaa jivu na ndimu, nikamwambia, "Mama, hebu ngoja kwanza!" Ni ya 1921 bila herufi, yaani ya Philadelphia, na hizo zilipigwa zaidi ya milioni 44. Basi haitutajirishi, ila haijasuguliwa.

Inayosakwa hasa ni ya 1893 yenye herufi S chini ya tai, ya San Francisco. Zilipigwa 100,000 tu. Walaghai huchukua ya Philadelphia ya mwaka huo huo, wakabandika S. Waama wajanja hawakosi! Lakini zile halali zilizojulikana zote zilitoka kwenye chapa moja ya upande wa kichwa, nayo iliacha kijistari cha mshazari juu ya T ya neno LIBERTY. Ukikikosa, achana nayo.

Mwenye reale ya nyanya yake nyumbani aje nayo chamani, lenzi ninayo. Aishike kwa ukingo, na tafadhali asiioshe.