Kushuka Ndiyo Ngoma

Wanangu, mwezi wa kumi ukiingia hapa kwetu Gehandu, kila mtu anaangalia mawingu. Mzee anawaza shamba la mahindi, mama anatafuta mbegu za maharage, mwenye pikipiki anauliza njia itapitika mpaka lini. Nami naangalia mawingu, ila ninawaza baiskeli. Mkitoka shule mnanikuta nakimbia mlimani nimeibeba begani, nanyi mnauliza: "Mjomba, imepata pancha?" Haijapata. Najiandaa kwa msimu. Ketini niwaeleze ni msimu gani.

Mchezo wenyewe unaitwa saiklokrosi. Mnazijua mbio za nyika, zile za kukimbia porini na vilimani? Basi hizi ni mbio za nyika kwa baiskeli. Mbio za barabarani hupita kwenye lami, na siku moja zinaweza kuzidi kilomita 200. Saiklokrosi haitaki lami. Njia yake ni duara fupi la kilomita mbili na nusu hadi tatu na nusu, linalopita majanini, mchangani na kwenye tope, likapanda kilima na kuteremka upande wa pili. Washindani wanalizunguka tena na tena. Mwanzoni hawaambiwi watazunguka mara ngapi. Wanachojua ni muda. Wanaume wa daraja la juu hushindana kwa saa moja hivi, wanawake dakika 50 hivi, vijana dakika 40. Waamuzi wanapima mizunguko ya mwanzo imechukua muda gani, wanapiga hesabu, kisha wanaonyesha iliyobaki. Mzunguko wa mwisho ukifika, kengele inalia.

Sasa, njiani kuna vizuizi. Kuna mbao zilizosimamishwa, kimo chake hakizidi sentimita 40. Kuna ngazi. Kuna mchanga mzito, na miinuko yenye utelezi ambako gurudumu linazunguka na baiskeli haiendi. Hapo mshindani anashuka huku baiskeli ingali inatembea, anainyanyua, anaruka kwa miguu yake, anapanda tena na kuendelea. Muda mfupi uliopita ilikuwa imembeba yeye. Sasa yeye ndiye anayeibeba.

Mnauliza nani alibuni jambo hili. Ni watu wa Ufaransa na Ubelgiji, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kwao baridi ikija, mbio za barabarani zinasimama. Waendeshaji hawakutaka miguu ilale miezi yote hiyo, wakaanza kushindana kwa kukata mashamba, wakiruka mitaro na kupenya nyua. Kukimbia na baiskeli begani kuliwapasha miguu joto. Mwaka 1902 askari mmoja Mfaransa, Daniel Gousseau, aliandaa mashindano ya kwanza ya taifa lake. Wengi waliyaona ni ya kupitishia baridi tu. Kisha mwaka 1910 Octave Lapize akashinda Tour de France, mbio kubwa kuliko zote za barabarani, na akasema mazoezi ya saiklokrosi ndiyo yaliyomsaidia. Tangu hapo watu wakaacha kuudharau mchezo huu.

Ubingwa wa dunia ulianza kushindaniwa mwaka 1950 jijini Paris, na Jean Robic, aliyekuwa ameshashinda Tour de France mwaka 1947, akawa wa kwanza kuutwaa. Mbelgiji Eric De Vlaeminck aliupata mara saba, na mwaka 2025 Mathieu van der Poel wa Uholanzi akaifikia idadi hiyo. Mwanamke Mholanzi, Marianne Vos, ameupata mara nane. Nyinyi wasichana mnaosimama nyuma mkidhani hii ni hadithi ya kaka zenu, lishikeni jina hilo.

Najua swali linalofuata: sisi wa Gehandu tunahusikaje na Wabelgiji? Tuanze na kalenda. Msimu wao unaanza Septemba na kuisha Februari. Mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda mpaka Mei. Kwa hiyo wao wakiwa katikati ya matope yao, na sisi tope letu linakuwa tayari. Halafu tuna miguu. Huku nyanda za juu za Mbulu hewa ni nyembamba kuliko ya pwani, na mwili unaokulia kwenye hewa hiyo hujifunza kuitumia vizuri, kwa kuongeza chembe nyekundu zinazobeba oksijeni ndani ya damu. Zaidi ya hayo, nani kati yenu hajawahi kusukuma baiskeli yenye dumu la maji au gunia la mahindi kwenye mlima wa udongo uliolowa? Wenzetu huko wanalipa walimu wawafundishe hilo.

Tuna pia mtu wa kutufundisha namna ya kuanza. Saiklokrosi inaanzia kwenye njia pana iliyonyooka, lakini muda si muda inakuwa nyembamba, pengine mita tatu tu. Anayefika wa kwanza kwenye kona anachagua pa kupita. Walio nyuma wanasukumana, na mmoja akianguka wote wanasimama. Hapa namkumbuka mkimbiaji Filbert Bayi, aliyezaliwa mwaka 1953 Karatu, siku ambazo Karatu ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Mbulu. Wakimbiaji wengi wa mita 1,500 walikuwa wakivizia mpaka mzunguko wa mwisho ndipo wachomoke. Bayi alichomoka mwanzoni. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, aliongoza tangu mwanzo hadi utepe na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand alimkimbiza kufa na kupona, naye akapita chini ya rekodi ya zamani, lakini hakumpata Bayi. Siku nikifanya mazoezi ya kuanza, mbio hizo ndizo ninazoziweka kichwani.

Kwenye baiskeli zenyewe, Afrika Mashariki si wageni tena. Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, David Kinjah alifungua nyumba yake kwa vijana waliotaka kujifunza baiskeli, akawafundisha kuendesha na kutengeneza pia. Mmoja wao, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alianza kwa kumfuata Kinjah kwenye njia za udongo, na baadaye akashinda Tour de France mara nne. Suleiman Kangangi wa Kenya alikuwa nahodha wa Team Amani, timu iliyokusanya vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda kushindana kwenye njia za changarawe. Mwaka 2021 wageni kutoka Ulaya na Marekani walikuja kushindana nao siku nne katika nyika za Maasai Mara. Kangangi alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka mbioni huko Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Njia aliyoifungua haikufungwa. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika.

Sasa sogeeni karibu muone kazi yenyewe. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na kwenye mchezo huu ndivyo ilivyo. Kukanyaga pedeli kila mmoja wenu anajua. Kazi iko kwenye kushuka.

Unashukia kushoto siku zote, kwa sababu mnyororo uko kulia, usije ukakuchana mguu. Baiskeli ikiwa inatembea, unapitisha mguu wa kulia nyuma ya kiti, unasimama kwa mguu wa kushoto juu ya pedeli. Mkono wa kushoto unabaki kwenye usukani. Wa kulia unashika bomba la juu la fremu. Kisha mguu wa kulia unagusa chini, na ukigusa tu, tayari unakimbia. Ukisimama hata kidogo, umepoteza mwendo wote. Kama kizuizi ni kifupi, unainua baiskeli kidogo na kuruka. Kama ni mlima mrefu, unaipandisha begani, bomba la juu likae karibu na shingo, mkono wa kulia uzunguke kwa chini na kushika usukani. Unaibeba kama unavyombeba mwanakondoo aliyechoka: imara, lakini bila kukabana naye. Juu ya mlima unaitua taratibu, unaisukuma hatua chache, unateleza na paja la kulia juu ya kiti. Usirukie kiti kwa kishindo. Utaumia, na kiti kitalegea.

Wengi wanaona aibu kushuka. Wanakazana kukanyaga kwenye tope mpaka baiskeli inasimama, wanaanguka kwa ubavu, na wenzao waliokwisha kushuka wanawapita wakikimbia. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa unanata, unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma. Anayeujua anashuka kabla ya kuufikia, anapita kando kwenye majani, anapanda upande wa pili na gurudumu safi. Kushuka mapema ni akili, na akili hiyo inafanyiwa mazoezi sasa, wakati wa vumbi. Ndiyo maana mnaniona mwezi huu naruka magogo mawili makavu wakati hakuna tone la mvua. Tope likija halitanipa nafasi ya kujifunza.

Baiskeli yangu ni ya kawaida, kama ile ya baba yako. Baiskeli ya mashindano ya kule Ulaya ina kilo nane hivi. Hizi zetu za chuma zinafika kilo 20. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupunguza. Natoa keria, maana inazuia mguu kupita nyuma. Natoa madigadi, maana tope linajibana ndani yake. Kikapu na taa vinabaki nyumbani. Fundi anakaza spoki na kuangalia breki. Upepo wa tairi naupunguza kidogo kuliko wa safari ya mnadani: tairi ngumu inateleza, tairi laini inakamata udongo. Ila ukizidisha, rimu inagonga jiwe na tyubu inapasuka. Mabingwa wa dunia nao wanahangaika na jambo hilohilo, kwani sheria haiwaruhusu tairi pana kuliko milimita 33. Wao wana baiskeli ya pili kando ya njia. Ya kwanza ikijaa tope wanaibadilisha, na msaidizi anaiosha kabla hawajazunguka tena. Sisi tutatumia ndoo na kijiti.

Lazima niseme na hili, na mlishike. Tope si la kuchezea kila mahali. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya matope na mawe kutoka Mlima Hanang yalishuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Mvua kubwa ikinyesha hatutoki. Korongoni hatuingii hata kama mbingu imetakata, maana mvua ya mlimani inashuka na maji usiyoyatarajia. Duara letu tumelichora karibu na uwanja wa mpira, mahali tambarare kwa sehemu kubwa, mbali na mashamba ya watu na njia za mifugo. Kilima chetu tutakipanda kwa zamu, leo upande huu, wiki ijayo upande ule, kwa sababu alama ya gurudumu kwenye mteremko ikirudiwa sana, maji yanaifuata, na korongo linaanzia hapo. Ardhi hii tunailima. Haifai tuiharibu kwa mchezo.

Jambo la mwisho ni sheria tuliyokubaliana mimi na wenzangu. Kwenye mashindano makubwa, mshindani aliyeachwa sana na anayeongoza anatolewa njiani. Sisi hatutamtoa mtu. Mbulu ndiko anakotoka John Stephen Akhwari, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki jijini Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Alianguka, goti likaumia, likafungwa bandeji, akaendelea. Walioanza walikuwa 75. Waliomaliza ni 57, naye alikuwa wa 57, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Wangapi wanakumbuka nani alikuwa wa pili? Kwa hiyo kwetu kengele itamngojea kila mmoja.

Basi, Jumamosi asubuhi njooni na baiskeli za nyumbani, mkishaomba ruhusa kwa wazazi. Njooni na spana ya kutolea keria. Tutaanza na kushuka tu, kwenye vumbi, mpaka miguu izoee. Asiye na baiskeli aje na ndoo: mbio hizi hazina mshindi asiye na mtu wa kumwoshea magurudumu, na mizunguko ikiisha mtabadilishana.