Askari na Habari za Wakimbizi: Zitafutwe Wapi?



Leo tutazungumzia jambo ambalo wengi hulidhani dogo, kumbe ndani yake mna uhai wa watu na heshima ya nchi. Nalo ni jinsi ya kupata habari za kweli juu ya wakimbizi na uhamiaji, katika zama hizi ambapo kila mtu ana simu mkononi, na kila simu ina la kusema.

Na tuanzie Nakivubo, katikati ya jiji la Kampala. Pale upo mfereji upelekao maji ya mji hadi Ziwa Viktoria. Lipo soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo wengi huliita Owino. Zipo paki za teksi zinazofurika abiria tangu alfajiri, na hatua chache kutoka hapo upo mtaa wa Kisenyi, ambako Wasomali wameishi na kufanya biashara kwa miaka mingi. Askari aliye zamu mahali hapo hukutana kwa siku moja na Mkongo, Msudani Kusini, Msomali, Mrundi na Mwethiopia. Mmoja ni mkimbizi, wa pili ni mfanyabiashara mwenye pasipoti, wa tatu ameingia jana akikimbia risasi wala hana karatasi yoyote. Askari huyo atawatofautishaje?

Tuchukulie kwamba siku hiyo imeenea katika simu sauti ya mtu asiyejitaja jina, isemayo kuwa kuanzia kesho wakimbizi wote waondoke mjini warudi makambini. Askari akiiamini, atamkamata mtu asiye na kosa. Tuchukulie tena kwamba dalali mmoja ameweka katika mtandao tangazo la fomu za kwenda Ulaya au Amerika kwa malipo. Mkimbizi akiliamini, atauza hata godoro la watoto wake. Habari ni moja tu ya uongo, lakini mwenye madaraka huigeuza kuwa dhuluma, na mnyonge huigeuza kuwa hasara.

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo inafaa kwa mwenye kujihadhari, bali haimfai mwenye bunduki na pingu. Askari hatendi kwa lisemwalo. Hutenda kwa lililothibitishwa. Tunakumbuka vyema tarehe 11 Julai mwaka 2010, mabomu yalipolipuka hapa Kampala, katika uwanja wa raga wa Lugogo na katika mkahawa wa Kabalagala, yakaua watu zaidi ya 70. Kundi la Al-Shabaab la Somalia lilijigamba kuwa ndilo lililofanya uovu huo, na mara macho ya wengi yakawageukia Wasomali wa Kisenyi. Lakini Mahakama Kuu ilipotoa hukumu yake mwaka 2016, miongoni mwa watu 7 waliotiwa hatiani kwa ugaidi walikuwamo raia wa Uganda, wa Kenya na wa Tanzania, na aliyeonekana kuwa kinara wao alikuwa raia wa Uganda. Upelelezi uliofuata ushahidi uliwafikia. Upelelezi ambao ungefuata kabila na sura ya mtu ungewakosa.

Basi habari za kweli zitafutwe wapi? Jambo la kwanza ni kujua nani anahusika na nini. Mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka kwa kuhofia mateso au kwa kukimbia vita. Mwomba hifadhi ni yule aliyekwisha kuomba kutambuliwa, naye angali anangoja jibu. Mhamiaji ni mtu aliyekuja kwa kazi, masomo au biashara. Mambo ya wakimbizi yamo mikononi mwa Idara ya Wakimbizi katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Mambo ya viza, pasipoti na vibali vya kazi yamo mikononi mwa Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Anayetaka kujua habari za kibali cha kazi asiulize penye habari za wakimbizi, na anayetaka habari za hifadhi asimsikilize dalali wa viza.

Jambo la pili ni sheria yenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1960, pamoja na kanuni zake za mwaka 2010, husomwa bila malipo katika maktaba ya sheria za Uganda iliyomo kwenye intaneti, ijulikanayo kwa jina la ULII. Atakayeisoma ataona kwamba aingiaye nchini akitaka hifadhi ametakiwa kuomba ndani ya siku 30. Kwamba mwenye kuomba kwa nia njema hashtakiwi kwa kosa la kuingia bila kibali huku ombi lake likingali linaamuliwa. Kwamba aliyekataliwa ana haki ya kukata rufani. Na kwamba mkimbizi aliyetambuliwa ana ruhusa ya kufanya kazi na ya kutembea nchini. Kwa hiyo kumwona mkimbizi akiuza nguo Owino hakutoshi kuwa sababu ya kumkamata. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka mkimbizi atii sheria za nchi, na imeweka taratibu za kumshughulikia anayehatarisha usalama wa taifa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 nao unawakataza wakimbizi kuendesha vitendo vya kuhujumu nchi yoyote mwanachama, na unataka wakalishwe mbali kiasi na mipaka ya nchi walizozikimbia. Hivyo mlinzi wa mpaka na mlinzi wa mkimbizi hawana ugomvi. Kazi yao ni moja.

Jambo la tatu ni hesabu. Idadi ya wakimbizi hutangazwa na serikali pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, na takwimu hizo huwekwa katika tovuti ya shirika hilo zikiwa na tarehe zake. Idadi isiyo na tarehe haina maana, kwa kuwa watu huingia na kutoka kila wiki. Na hata idadi ya ofisi huhitaji kukaguliwa. Mwaka 2018 serikali na UNHCR walihakiki wakimbizi wote nchini kwa alama za vidole na picha za macho. Vitabu vilikuwa vikionyesha watu kama milioni 1.4, uhakiki ukawaona milioni 1.1 na ushei. Maofisa kadhaa walikuwa wamekwisha kusimamishwa kazi tangu mwanzoni mwa mwaka huo kwa tuhuma za ufisadi. Wako waliosema kuwa aibu hiyo ingefichwa. Sisi twasema kwamba kitabu kilichokubali kusahihishwa ndicho cha kuaminiwa zaidi.

Sasa, ndugu wasikilizaji, habari ikija katika simu, ipimwe kwa maswali manne. Kwanza, nani asemaye? Tovuti za serikali ya Uganda huishia na herufi go.ug, na ile ya shirika la wakimbizi huishia na unhcr.org. Walaghai huiga majina hayo kwa kubadili herufi moja au mbili. Basi lisomwe jina lote, si mwanzo wake. Pili, lini? Ukurasa wa mwaka 2015 utakuambia kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi 5. Baada ya hapo Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, na kila nchi inapoingia, taratibu za mpakani huweza kubadilika. Tatu, asili yake iko wapi? Kama tangazo ni la serikali, litakuwapo katika tovuti ya ofisi iliyolitoa. Lisipoonekana, ulizwe mkubwa wa kazi kabla ya kutenda. Nne, nani anafaidika? Kuandikishwa kuwa mkimbizi hakuuzwi, wala kupelekwa nchi ya tatu hakuuzwi. Popote palipotajwa malipo, pana mwizi, hata kama amevaa kitambulisho shingoni.

Liko na jambo jingine, nalo ni habari tunazozitoa sisi wenyewe. Askari akipiga picha kitambulisho cha mkimbizi na kuirusha katika kundi la simu, huenda ameonyesha njia kwa yule aliyemkimbiza mtu huyo kutoka kwao. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inalinda habari za kila mtu, awe raia au mgeni. Siri ya mkimbizi ni kama siri ya kambi: ikivuja, mtu anaweza kufa.

Nchi yetu si ngeni katika mambo haya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wapolandi kwa maelfu walipata hifadhi Koja na Nyabyeya. Baadaye wakaja Wasudani na Wanyarwanda, na kambi ya Nakivale iliyoanza miaka hiyo ingalipo hadi leo. Kisha zamu ikawa yetu, kwani baada ya mwaka 1979 watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Kati yenu mnaotusikiliza wamo waliozaliwa ugenini, ambao wazazi wao waliokolewa na askari wa nchi nyingine aliyeuliza kwanza kabla ya kuwafukuza.

Pale Nakivubo upo uwanja wa michezo uliojengwa upya miaka hii ya karibuni, ambao tangu zamani ulibeba jina la ukumbusho wa vita, kwa heshima ya askari waliokwenda kupigana vita vikuu wasirudi. Askari wa zamu apitaye hapo na akumbuke kwamba hao nao walikuwa wageni katika nchi za watu. Mtu asiye na karatasi akisimama mbele yake, asikimbilie simu ya uvumi. Amwelekeze kwenye ofisi inayohusika, afungue sheria, aulize wakubwa wake, ndipo atende.