Masta ya Jiografia Ukiwa Kericho ama Bomet: Cheki Hizi Vitu Kabla Utume Karo

Wacha tuseme unafunza jiografia pale Litein ama Sotik. Wiki yote uko na chaki, Jumamosi uko kwa majani chai ya mzazi. Unataka masta, lakini Nairobi ni mbali na hakuna mtu atakupea likizo ya miaka miwili. Usiku unaingia mtandaoni kutafuta ya kusomea nyumbani, na matangazo yanakunyeshea kama mvua ya mawe. Mengine ni ya ukweli. Mengine yanataka tu doo yako.

Mimi niliacha chuo katikati, kwa hivyo sikuhubirii. Lakini najua kitu moja: karo ikishaenda, hairudi. Fuata hii njia.

Chuo na kozi zinatambuliwa?
Hapa Kenya kazi ya kuidhinisha ni ya CUE, ile Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uliza maswali mawili, sio moja: chuo kiko kwa orodha yao? Na hiyo kozi yenyewe je? Chuo kinaweza kuwa halali na kozi isiwe. Ukisoma cha nje, shahada itahitaji kutambuliwa hapa ndio mwajiri aikubali. Uliza hiyo mapema, sio siku ya kugraduate.

Utaanza kutafuta wapi?
Anza karibu. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata chata mwaka 2013, kiko hapo tu Kericho. Waulize kama kuna masomo ya wikendi ama ya likizo ya shule. Open University of Kenya ilipata chata Agosti 2023 na inafunza mtandaoni, lakini usidanganyike na jina: cheki kama jiografia iko kwa kozi zao za sasa.

Ukivuka mpaka, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwa kikifundisha kwa masafa tangu 1994. UNISA ya Afrika Kusini ina masta ya jiografia ya utafiti. Kama unapenda ramani na kompyuta zaidi, Chuo Kikuu cha Salzburg kule Austria kina UNIGIS, masta ya mtandaoni ya mifumo ya taarifa za kijiografia.

Ni ya kufunzwa ama ya utafiti?
Hapa ndio wengi huanguka. Masta ya kufunzwa iko na masomo, kazi za kuandika na mitihani. Ya utafiti ni wewe, msimamizi wako na tasnifu. Hakuna kengele ya kukuamsha. Ya utafiti huwa inataka uje na wazo tayari, na msimamizi anayejua hilo eneo. Kama unajijua wewe ni wa kusukumwa, chukua ya kufunzwa. Sio aibu.

Nyanjani ni wapi?
Buda, hii ndio raha ya jiografia. Wengine wanapanda ndege kutafuta utafiti, wewe unafungua dirisha. Msitu wa Mau umepungua wapi na mito imebadilika aje? Mvua ya mawe inapiga sehemu gani zaidi na mkulima mdogo anapoteza nini? Mei 2023 mashine za kuchuna majani zilichomwa Kericho kwa sababu ya kazi. Wachunaji waliobaki bila kazi wamehamia wapi? Hiyo ni tasnifu, na majirani zako ndio wanajua majibu.

Vifaa haviumizi mfuko. QGIS ni programu ya bure ya kuchora ramani. Picha za satelaiti za Landsat na Sentinel pia ni za bure, na za Landsat zinarudi nyuma hadi 1972. Shida ya huku ni mawingu: siku nyingi picha ya kawaida inaonyesha pamba tupu. Sentinel-1 hutumia rada, inaona kupitia mawingu. Lakini usisahau kibali cha NACOSTI kabla uanze kuhoji watu.

Doo itatoka wapi?
Usihesabu karo peke yake. Weka bando, usajili, mitihani, nauli ya nyanjani na kuchapisha tasnifu. Kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masta za masafa katika vyuo vya Uingereza, na Wakenya huruhusiwa kuomba. Ni kwa kozi walizochagua wao tu, kwa hivyo anza na orodha yao. Na kabla ukope sacco, muulize mwajiri wako kama hiyo karatasi itabadilisha mshahara. Usidhani tu.

Wiki hii fanya hivi
Chagua vyuo vitatu. Tumia kila kimoja barua pepe na maswali manne: kozi imeidhinishwa na nani, msimamizi wangu atakuwa nani, mitihani nitafanyia wapi, na karo yote mpaka mwisho ni ngapi. Chuo kikikujibu vizuri kabla hujalipa, kuna matumaini. Kikijibu na namba ya kutuma pesa tu, funga simu ulale.