Hitimisho Lisilo na Mizizi: Udhaifu wa "One More Day"

Hitimisho bora, kama alivyoshikilia Aristotle, sharti lizaliwe na msuko wenyewe. Kigezo hiki ndicho kinachoiangusha "One More Day", hadithi ya vibonzo ya sehemu 4 iliyotolewa na Marvel mwaka wa 2007, ikaandikwa na J. Michael Straczynski na kuchorwa na Joe Quesada.

Peter Parker, yaani Spider-Man, amejifichua hadharani. Risasi aliyokusudiwa yeye inampata shangazi yake, May. Taharuki inapanda kadiri anavyokosa tiba. Ghafla anazuka ibilisi Mephisto: atamponya May iwapo ndoa ya Peter na Mary Jane, iliyofungwa mwaka wa 1987, itafutika. Wanakubali. Kunapokucha, ndoa haikuwahi kuwapo, na siri ya Peter imekuwa siri tena.

Wasomaji wengi walilalamika, wala si kwa sababu ya huzuni. Tanzia ina huzuni kuu zaidi. Tangu mwaka wa 1962, jagina huyu amejengwa juu ya uwajibikaji. Hapa anasahaulishwa kosa pamoja na gharama yake. Hasara isiyokumbukwa na aliyeipata haimkomazi mhusika, humrudisha alikoanzia.