Fizikia Ilipewa Fedha, Uraia Ukawekewa Macho

Tarehe 24 Septemba 1957, Rais Dwight Eisenhower aliamuru askari wa miavuli waende Little Rock, jimbo la Arkansas, kuwasindikiza wanafunzi tisa Weusi hadi ndani ya shule ya sekondari ya Central. Siku kumi baadaye Wasovieti wakarusha Sputnik, setilaiti ya kilo 84 hivi. Tukio la kwanza liliwauliza Wamarekani ni nani anayeruhusiwa kuketi darasani. La pili likawauliza wanaoketi humo wanafundishwa nini. Serikali ya Washington ilikuwa nyepesi zaidi kujibu la pili.

Tarehe 2 Septemba 1958 Eisenhower alitia saini Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa, iliyotenga takriban dola bilioni moja kwa miaka minne. Jina lenyewe linasema yote: elimu ilihesabiwa pamoja na silaha. Shule zilisaidiwa kununua vifaa vya sayansi, hesabu na lugha za kigeni, na kwa mlango huo hata Kiswahili kiliambulia fungu lake katika vyuo vikuu vya Marekani. Historia, jiografia na uraia havikuonja mfuko huo wa vifaa hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1964.

Wengi husimulia kwamba Sputnik ndiyo iliyowaamsha Wamarekani usingizini. Ukweli ni kwamba wanafizikia walikwisha kuamka. Mwaka 1956 Jerrold Zacharias wa chuo cha MIT, mtu aliyefanya kazi ya rada na ya bomu la atomiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliunda kamati ya kuandika upya fizikia ya sekondari. Alichokikuta mashuleni ni vitabu vilivyojaa friji, injini na kanuni za kukariri. Yeye alitaka kijana wa miaka 17 afikiri kama mwanafizikia, tena kwa vifaa rahisi.

Kipima-muda cha kozi hiyo, kwa mfano, kilitokana na mtambo wa kengele ya mlangoni. Nyundo yake ndogo, badala ya kupiga kengele, iligonga karatasi ya kaboni na kuacha nukta kwenye utepe unaovutwa na kigari. Nukta zikibanana, kigari kinakwenda polepole. Zikizidi kuachana, kinaongeza mwendo. Mwanafunzi alikata utepe wake, akapima kwa rula, akachora grafu, na hapo mchapuko ukawa kitu alichokishika mkononi. Mezani kulikuwa pia na beseni la mawimbi: chombo kipana chenye kitako cha kioo, maji kidogo ndani, taa juu, karatasi nyeupe chini. Ukitikisa kijiti ukingoni, vivuli vya mawimbi vinapita kwenye karatasi, vinagonga kizuizi na kurudi, vinapenya pengo dogo na kutawanyika. Aliyesoma fizikia ya sekondari Kenya au Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi, maana vifaa vya aina hiyo amekutana navyo.

Kulikuwa na filamu pia. Moja ya mwaka 1960 inawaonyesha maprofesa wawili, mmoja miguu juu kichwa chini, wakibishana ni yupi kati yao aliyepinduka. Ni mzaha, lakini ndani yake mna somo zito: mwendo hupimwa kwa kulinganisha na kitu kingine.

Kitabu cha kozi kilitoka mwaka huohuo wa 1960. Kilikuwa kigumu, na walimu wengi ilibidi wao wenyewe warudi shule wakati wa likizo, kwa gharama ya Wakfu wa Taifa wa Sayansi. Shirika lililoanzishwa kusimamia kazi hiyo halikuishia Marekani. Mwaka 1962 liliwakutanisha wataalamu wa hesabu Entebbe, Uganda, na vitabu vilivyoandikwa huko vikasambazwa katika nchi kadhaa za Afrika.

Biolojia ilikuwa na mgogoro wake. Vitabu vipya vya mwaka 1963, vilivyotayarishwa Boulder, Colorado, na kutambulishwa kwa rangi za bluu, kijani na njano, viliweka nadharia ya mageuko mbele bila kuificha. Lakini Tennessee bado ilikuwa na sheria ya 1925 iliyokataza kuifundisha, nayo haikufutwa hadi 1967. Arkansas nayo ilikuwa na yake, na aliyeipeleka mahakamani mwaka 1965 ni Susan Epperson, mwalimu wa biolojia wa Central ileile ya Little Rock. Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa ushindi mwaka 1968.

Ukitoka maabara na kuvuka ukumbi hadi darasa la maarifa ya jamii, hali ya hewa inabadilika. Tangu ripoti ya mwaka 1916 kuhusu somo hilo, shule nyingi zilikuwa na somo la mwaka wa mwisho lililoitwa Matatizo ya Demokrasia. Kwa jina, hapo ndipo kijana angejadili ukosefu wa kazi, uhalifu, uhamiaji na ugomvi wa matajiri na wafanyakazi. Harold Rugg wa Columbia aliyaandika hayo katika vitabu vilivyouzwa zaidi ya nakala milioni moja. Vyama vya wenye viwanda na vya askari wastaafu vikamvamia, na mwaka 1940 vitabu vyake vilichomwa moto katika mji mdogo wa Bradner, Ohio. Waandishi waliomfuata walielewa somo.

Baada ya vita, hofu ya ukomunisti ilizidi. Sheria ya New York ya 1949 iliruhusu mwalimu afukuzwe kwa uanachama tu wa chama kilichoorodheshwa kuwa cha uasi. Mwaka 1953 mjumbe wa tume ya vitabu ya Indiana alitaka hadithi za Robin Hood ziondolewe mashuleni, kwa kuwa shujaa huyo huwanyang'anya matajiri na kuwagawia maskini. Florida ilipitisha sheria mwaka 1961 ya kulazimisha angalau saa 30 za somo la Uamerika dhidi ya ukomunisti, na sheria yenyewe ikakataza kuusifu mfumo wa upande wa pili. Somo ambalo jibu lake limepitishwa bungeni kabla ya swali ni vigumu kuliita somo.

Uraia wa kweli ulikuwa ukisomwa kwingine. Farmville, katika kaunti ya Prince Edward, Virginia, shule ya Weusi ya Moton ilijengwa kwa wanafunzi 180 nayo ilikuwa na zaidi ya 400, wengine wakisomea kwenye vibanda vya karatasi za lami. Tarehe 23 Aprili 1951 Barbara Johns, msichana wa miaka 16, alipanga mkuu wa shule aitwe mjini kwa simu ya hila, akawakusanya wenzake ukumbini, na wanafunzi wakagoma. Kesi ya kupinga ubaguzi huo ikafunguliwa. Mahakama ya kwanza iliona wazi kwamba fizikia na historia ya dunia zilifundishwa shule ya Wazungu lakini si Moton. Ikaagiza hali isawazishwe, ila ubaguzi ukabaki. Kesi hiyo ikaunganishwa na nyingine, zikazaa hukumu ya Brown ya tarehe 17 Mei 1954 iliyoharamisha ubaguzi mashuleni.

Kaunti ikajibu kwa kufunga shule zake zote za umma mwaka 1959. Wazungu walifungua shule yao binafsi. Watoto Weusi, ukiacha waliopelekwa kwa jamaa nje ya kaunti au waliofunzwa makanisani, walikaa bila shule miaka minne, ileile ambayo maabara za Marekani zilikuwa zikijaa vifaa vipya. Shule za msaada zilifunguliwa mwaka 1963, na zile za umma zikarudi Septemba 1964 kwa amri ya Mahakama Kuu.