Vocha ya mbolea: Ujanja wa biashara unaishia wapi?

DODOMA

Kila mwaka kati ya Novemba na Desemba maduka ya pembejeo ya Majengo mjini Dodoma, Kibaigwa wilayani Kongwa na Manyoni mkoani Singida huingia katika wiki zake chache za mauzo makubwa. Mvua ya Kanda ya Kati ni ya msimu mmoja, inayoanza Desemba na kuishia Aprili. Mkulima ambaye hakununua mbegu na mbolea katika wiki hizo hana sababu kubwa ya kurudi dukani mpaka mwaka unaofuata. Bahati mbaya, ni wiki hizo hizo ambapo ghala la nyumbani limekaribia kwisha na fedha taslimu vijijini ni adimu kuliko wakati mwingine wowote.

Katika hali hiyo punguzo la bei hugeuka kuwa bidhaa yenyewe, yenye wanunuzi na wauzaji wake. Tangu mwaka 2008 serikali imejaribu njia zaidi ya moja za kumpunguzia mkulima bei ya mbolea, na katika kila njia walijitokeza watu wa kukusanya punguzo lisilo lao. Mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuomba uwakala wa pembejeo anapaswa kuifahamu biashara hiyo ya pembeni, maana ataletewa mlangoni katika wiki ya kwanza ya kufungua duka.

Mpango wa Taifa wa Vocha za Pembejeo ulianza mwaka 2008, wakati bei za chakula na mbolea duniani zilipopanda kwa kasi. Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 160 kuuimarisha. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha tatu kwa ajili ya ekari moja ya mahindi au mpunga: moja ya mfuko wa urea wa kilo 50, nyingine ya mbolea ya kupandia, yaani DAP au ile ya Minjingu, na ya tatu ya mbegu bora. Vocha ililipa takriban nusu ya bei. Nusu iliyobaki ilikuwa juu ya mkulima mwenyewe, naye alitakiwa kuilipa taslimu kwa wakala. Wakala alikusanya vocha zilizosainiwa, akazipeleka Benki ya NMB na kulipwa thamani yake.

Waliostahili walikuwa wakulima wadogo wasiozidi hekta moja ya mazao hayo. Kipaumbele kilikuwa kwa kaya zinazoongozwa na wanawake na kwa wale ambao hawakuwa wametumia pembejeo za kisasa kwa miaka kadhaa. Kamati ya vocha ya kijiji, yenye wanaume watatu na wanawake watatu waliochaguliwa na mkutano wa kijiji, ndiyo iliyoandaa majina.

Kwenye karatasi mpango huu hauna kasoro kubwa. Kasoro ilikuwa katika ile nusu ya pili.

Mfuko mmoja, malipo mawili

Tuchukue mfano wa hesabu rahisi. Mfuko unauzwa Sh 40,000. Vocha ni Sh 20,000 na mkulima anadaiwa Sh 20,000. Mkulima wa Chamwino au Bahi mwenye vocha mkononi hana hizo elfu ishirini mwezi wa Desemba. Ana watoto wanaosubiri unga. Wakala anampa Sh 5,000 taslimu, mkulima anasaini kwamba amepokea mfuko, na vocha inabaki dukani. Benki inamlipa wakala Sh 20,000. Mfuko wenyewe haujatoka stoo, na wiki inayofuata unauzwa kwa mteja mwingine kwa Sh 40,000 kamili. Mfuko mmoja umeingiza Sh 60,000, ukitoa elfu tano alizopewa mkulima.

Aliyeibiwa ni nani? Mkulima ameondoka na elfu tano ambayo asingekuwa nayo, na huenda akamshukuru wakala. Kamati ina saini zake. Benki ina vocha halali. Ni mlipakodi tu aliyenunua mfuko wa mbolea ambao haukufika shambani, na mlipakodi hakuwepo dukani kulalamika.

Wapo wanaomtetea wakala kwa hoja kwamba mkulima alikuwa mtu mzima, aliuza kilicho chake kwa hiari. Hoja hiyo si ya kupuuzwa katika Kanda ya Kati kuliko kwingine. Katika mkoa wa Mbeya mbolea ni uwekezaji wenye matumaini kwa kuwa mvua inaaminika. Dodoma mvua inaweza kukatika Januari au Februari mahindi yakiwa yamefika magotini, na mbolea ya elfu arobaini ikabaki ardhini. Wazee wa Kigogo hawakuchagua uwele na mtama kwa kukosa akili. Mtu anayepima elfu tano ya leo dhidi ya mfuko unaotegemea mawingu ya Februari anafanya hesabu ambayo mhasibu yeyote angeielewa.

Lakini hesabu ya mkulima kuwa na mantiki haiisafishi hesabu ya wakala. Vocha haikuwa mali ya mkulima kama mbuzi wake alivyo mali yake. Ilikuwa ahadi ya serikali kulipa nusu ya bei ya mfuko uliouzwa. Hakuna mfuko uliouzwa kwa mwenye vocha, kwa hiyo hakuna deni. Wakala aliyepokea Sh 20,000 benki alipokea malipo ya shughuli ambayo haikutokea, na saini ya mkulima ilikuwa uongo ulioandikwa.

Na kabla vocha haijafika dukani, nyingine zilikwisha kupotelea kijijini. Uchunguzi wa wachumi Lei Pan na Luc Christiaensen, uliochapishwa mwaka 2012, uliangalia ugawaji wa vocha mkoani Kilimanjaro na kukuta kwamba takriban asilimia 60 zilikwenda kwa kaya za viongozi wa vijiji waliochaguliwa. Hao walikuwa na nusu ya pili ya bei. Walichukua punguzo la jirani, wakalitumia kikamilifu, na mbolea ikafika shambani kweli. Kwa upande wa mazao hilo lilikuwa na faida kuliko mfuko uliobaki stoo. Kwa upande wa haki lilikuwa baya vile vile.

Ulanguzi wa jana

Wasomaji wenye umri wa miaka hamsini na kuendelea hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wanakumbuka miaka ambayo sukari, sabuni, khanga na unga vilikuwa na bei ya serikali kupitia Kampuni za Biashara za Mikoa, RTC, na bei nyingine mlango wa nyuma. Aliyepata kibali cha bei ya serikali akauza kwa bei ya magendo aliitwa mlanguzi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, sheria maalumu ikapitishwa, na bidhaa zilizofichwa zikaanza kutupwa barabarani na porini na watu walioogopa kukamatwa nazo. Aprili 12, 1984 Sokoine alifariki katika ajali ya gari eneo la Dakawa mkoani Morogoro, akitoka Bungeni Dodoma.

Msako uliwatia watu hofu, lakini kilichomaliza ulanguzi wa sukari na sabuni ni kulegezwa kwa masharti ya biashara katika miaka iliyofuata, bidhaa zilipojaa na tofauti ya bei mbili ikafutika. Palipo na bei mbili kwa bidhaa moja, pana mtu anayesimama katikati. Ruzuku ya mbolea ilirudisha bei mbili, na mtu huyo akarudi.

Kuponi za Marekani

Wanaofuatilia biashara za nje wanajua kwamba Wamarekani wana ugomvi kama huu kwa miaka mingi. Kule kiwanda hutoa kuponi ya kupunguza bei ya sabuni au nafaka za asubuhi, mteja huiwasilisha dukani, na duka hurudishiwa thamani ya kuponi na kiwanda pamoja na ada ndogo ya usumbufu, kwa kawaida senti 8. Mteja stadi huunganisha kuponi ya kiwanda na ya duka katika siku ya bei nafuu, na kuondoka na toroli lililojaa kwa dola chache. Maduka mengi huruhusu kuunganisha huko. Kila aliyetoa punguzo alijua anatoa nini, na bidhaa imetoka dukani kweli. Anayemaliza rafu nzima anaweza kuitwa mchoyo, lakini hajamdhulumu mwenye duka.

Hali ni tofauti kwa anayekata kuponi ya bidhaa asiyonunua, au anayechapisha yake. Mwaka 2021 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Virginia ilimfunga mwanamke mmoja miaka 12 kwa kutengeneza na kuuza kuponi bandia zilizowasababishia wenye maduka na viwanda hasara ya zaidi ya dola milioni 31. Wakala wa Sh 20,000 zetu anafanana naye zaidi kuliko anavyofanana na mama mwenye toroli lililojaa.

Dawa ya kufuta kuponi kabisa pia imejaribiwa. Mwaka 1996 kampuni ya Procter & Gamble iliziondoa katika miji mitatu ya jimbo la New York kwa nia ya kuweka bei ya chini kwa wote. Wateja walikasirika, mwanasheria mkuu wa jimbo akahoji kama viwanda vilikuwa vimekula njama, na mwaka 1997 jaribio likafutwa, viwanda vikakubali kutoa kuponi za dola milioni 4.2. Tanzania nayo ilipita njia hiyo kwa namna yake: tangu msimu wa 2017/18 mbolea kuu ziliagizwa kwa pamoja na kuuzwa kwa bei elekezi kwa kila mnunuzi, bila vocha. Walanguzi wa vocha walikosa kazi. Kaya maskini nayo ilikosa punguzo lake.

Namba badala ya karatasi

Ruzuku ilirudi kwa sura nyingine bei ya dunia ilipopanda tena. Urea iliyokuwa chini ya dola 300 kwa tani mwaka 2020 ilivuka dola 900 Aprili 2022. Agosti 8, 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea jijini Mbeya katika kilele cha Nane Nane. Mfuko wa DAP uliokuwa zaidi ya Sh 130,000 na wa urea uliokuwa zaidi ya Sh 120,000 yote ikashushwa hadi Sh 70,000. Mkulima hujiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, hupata namba kwenye simu, na wakala huihakiki namba hiyo pamoja na alama ya mfuko kabla ya kuuza. Tofauti ya bei hulipwa na serikali baadaye. Katika misimu iliyofuata mbegu za mahindi nazo ziliongezwa.

Karatasi iliondoka, lakini tofauti ya bei ilikua. Kwenye urea pekee ilikuwa zaidi ya Sh 50,000 kwa mfuko mwaka 2022. Mtu mwenye namba 20 za majirani wasio na Sh 70,000 alikuwa ameshika zaidi ya Sh 1,000,000 ya fedha za umma. Njia zilizojitokeza si ngeni: mkulima wa ekari mbili kuandikisha kumi, namba kuazimwa kwa malipo ya soda, wakala kuhakiki namba ya mtu ambaye hakufika dukani. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea imewahi kuwafungia mawakala kwa udanganyifu wa aina hiyo.

Kwa mfanyabiashara mwadilifu kuna faida nyingi za kujumlisha ambazo hazimgusi mtu: kununua kwa jumla, kupata punguzo la kampuni kwa kulipa mapema, kurudisha lori lililopeleka alizeti Singida likiwa na mbolea badala ya kurudi tupu. Zote hizo zimetolewa na mwenyewe aliyezitoa akijua. Swali la kujiuliza mbele ya punguzo lolote ni kama aliyelitoa angelipa iwapo angekuwa amesimama pale dukani akiangalia.

Jambo moja zaidi halisemwi sana katika mjadala wa vocha. Mkulima aliyeuza namba yake Desemba hukutana na wafanyabiashara tena Juni, safari hii yeye akiwa muuzaji wa mahindi. Huko atashushiwa bei kwa kuwa mahindi ni mengi, kisha ataombwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba hadi kupita kilo 100 ambazo ndizo kikomo kinachosimamiwa na Wakala wa Vipimo. Punguzo juu ya punguzo. Mizani katika soko la Kibaigwa imesaidia wanaofika sokoni. Anayeuzia shambani kwa debe bado hana wa kumpimia.

Kwa wanaopanga kuomba uwakala, hesabu ya mtaji ianze na malipo ya serikali na si bei ya mfuko. Katika mpango wa vocha wapo mawakala waliodai fedha zao kwa miaka wakati madai yakihakikiwa, wakweli na waongo wakiwa katika foleni moja, huku riba ya benki ikiendelea kuhesabiwa. Duka ambalo nusu ya stoo yake ni bidhaa zisizo na ruzuku, kama dawa za mifugo, mabomba ya kupulizia dawa na mbegu za mboga, linaweza kusubiri malipo ya umma bila kufungwa. Lenye mbolea ya ruzuku peke yake haliwezi, na ndilo ambalo Januari huanza kusikiliza wenye namba za kuuza.